Machage Aliyebaki Juu

Zamani katika vijiji vyetu vya Tarime, ng'ombe walipopotea, vijana walishuka bondeni kufuata nyayo na mmoja aliachwa mlimani. Kazi yake ilikuwa kutazama na kupaza sauti. Vumbi limeinuka wapi, ndege wameruka kutoka kichaka kipi, njia ipi ina watu. Sharti lake lilikuwa moja: haondoki mpaka mwenzake wa mwisho amepanda. Jua limchome, mvua impige, yuko palepale. Aliyeondoka mapema alikaa na aibu hiyo mpaka uzeeni. Wazee walipozunguka chungu cha pombe na mirija yao mirefu, hakuna aliyesogea kumpisha.

Leo ng'ombe ni wachache, malisho yamewekewa uzio, na ukimwambia kijana abaki mlimani atakuuliza kama huko simu inashika.

Machage wa Kisyeri alilelewa katika sharti hilo, hapa Matongo. Alikuwa rika langu. Naandika habari zake kwa kuwa sharti hilo lilimshika kuliko lilivyomshika mtu yeyote ninayemjua, na kwa kuwa mwanamke mmoja alikaa miaka akisubiri maneno ambayo Machage peke yake alikuwa ameyasikia.

Kisa kinaanzia kwenye redio yangu. Mwaka 1971 niliuza dume la ng'ombe nikanunua redio ya betri. Baba yangu alininunia mpaka mavuno. Jioni watu walikuja kukaa mbele ya nyumba yangu kusikiliza taarifa ya habari, na kwa kuwa niliwaeleza maneno magumu, Heche, jirani yetu mwenye mdomo mrefu, alinipa jina la Mwalimu wa Betri.

Jioni moja mtangazaji alisema kwamba Wamarekani watatu wamefika mwezini tena kwa chombo cha Apolo. Wawili wameshuka, na safari hii wana gari la kuendesha kulekule.

"Gari?" Heche akaruka. "Mwezini kuna gari, na mimi mke wangu alijifungulia njiani kwa kukosa gari la kwenda Tarime?"

Watu wakacheka. Machage hakucheka. Aliuliza, "Wa tatu yuko wapi?"

Wa tatu, mtangazaji alieleza, amebaki juu. Anauzunguka mwezi peke yake ndani ya chombo. Anapiga picha na kupima, lakini pia amefundishwa kutazama kwa macho yake na kusema kila anachokiona: rangi ya udongo, mistari ya mabonde, mawe yaliyoporomoka. Alikuwa ameona vilima vidogo vyeusi, akasema vinafanana na majivu yaliyotapikwa na mlima wa moto. Na kila anapopita nyuma ya mwezi, sauti yake haifiki duniani mpaka atokee upande wa pili.

"Huko nyuma anaendelea kusema?" Machage akauliza.

"Anaendelea," nikamjibu. "Kuna mashine inayoshika sauti yake."

"Hakuna anayemsikia na bado anasema." Aliutazama mwezi, ambao jioni ile ulikuwa umeshatoka. "Huyo ni mtu wa mlimani."

Halafu nikawaeleza nilichokuwa nimekisoma gazetini, na pengine ilikuwa heri ningekaa kimya. Nilisema kama chombo cha wale wawili kingeshindwa kupaa, huyu wa juu alitakiwa kurudi nyumbani peke yake.

Machage alinigeukia kama mtu aliyetukanwa. "Hawezi."

"Ndivyo walivyopatana."

"Mura, kijana mwenzangu, hawezi! Arudi awaambie nini mama zao?"

Tulibishana mpaka betri zikalegea. Siku zile watu walibishana juu ya jambo lililotokea mbali kana kwamba limetokea kwenye boma la jirani. Mwezi ulikuwa wetu. Ulipoandama, wa kwanza kuuona alipiga ukelele, boma la pili likaitikia, na la tatu, mpaka ukelele ukasikika Gorong'a. Sasa mwezi unatoka kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika.

Kisha ikaja dhahabu. Dhahabu ilikuwepo tangu wakati wa Wazungu, lakini miaka ile ya themanini ndipo watu walipomiminika. Walitoka Kemambo, Serengeti, Musoma, na Wajaluo wa ng'ambo ya mpaka waliokuwa na ndugu upande huu. Mashamba ya mihogo yakageuka mashimo. Mtu aliyekuwa na jembe moja alilitumia kuchimba mawe, na mkewe akanunua unga dukani kama mtu wa mjini.

Machage, mdogo wake Rubeni, na rafiki yao Owiti walichimba duara lao, yaani shimo la dhahabu, karibu na kijito. Owiti alikuwa Mjaluo wa upande wa Sirari, mtu wa utani mwingi. Alikuwa amemwoa Adoyo, na walikaa hapa Matongo na binti yao mdogo, Sheila. Rubeni na Owiti walikuwa wembamba, wakashuka chini. Machage alikuwa na mabega mapana, akabaki juu kushika kamba na ndoo.

Washika kamba wengine walivuta sigara na kupiga soga. Machage alifanya kazi ile kwa namna yake. Alikaa mdomoni mwa duara na kuwaambia wenzake kila alichokiona.

"Wingu limesimama upande wa Gorong'a. Bado jeupe."

"Ng'ombe wa Heche wamevuka kijito. Yule mwenye pembe moja anachechemea."

"Kuna moshi Kemambo. Wanachoma shamba."

Kutoka chini sauti ya Owiti ilipanda, nzito kama inatoka ndani ya mtungi. "Omera, ndugu yangu, na wasichana? Hakuna wasichana wanaopita?"

"Mmoja. Ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni."

"Huyo mwache apite!"

Niliwahi kumuuliza Owiti kama kelele zile hazikumchosha. Alisema kule chini mtu husahau kama dunia ina upana. Kila kitu kiko mbele ya pua yako: jiwe, jasho, taa. Machage akisema wingu, unaliona wingu. "Siku akinyamaza," alisema, "nitapanda hata kama nimeshika dhahabu mkononi."

Machage mwenyewe alijua alikojifunza. Alikuwa ameacha kubishana nami kuhusu yule mtu wa mwezini, lakini hakumsahau. Akiuona mwezi mchana alinyoosha kidole. "Mwenzangu alipita pale." Miaka ya baadaye walikuja vijana waliowahi kuchimba Mererani, wakaja na jina la huko. Walijiita wanaapolo. Niliwauliza jina hilo limetoka wapi, wakanitazama kama nimeuliza bei ya upepo.

Duara liliporomoka alasiri moja wakati wa masika, siku ya soko, Rubeni na Owiti wakiwa chini. Mimi na Adoyo tulikuwa Sirari. Yeye alikuwa amepeleka karanga, mimi nilikwenda kutafuta betri. Tulipanda lori moja kurudi, na jioni tuliposhuka Matongo tuliona watu wamejaa kijitoni. Adoyo aliangusha gunia lake tupu na kukimbia.

Watu walichimba siku kadhaa kwa majembe na mikono. Maji ya kijito yaliingia, kuta zikaendelea kukatika, na mchimbaji mwingine alivunjika mguu akijaribu kushuka. Mwishowe wazee wakasema inatosha. Watu walikwenda nyumbani kwao.

Machage alibaki.

Mwanzoni tulidhani ni msiba, utapungua. Alijenga kibanda cha nyasi kando ya lile bonde lililobaki pale duara lilipozama. Mkewe, Wegesa, alimletea ugali na kumsihi arudi kulala nyumbani. Alikula, akamshukuru, na hakwenda. Asubuhi alikaa mahali pake pa zamani, akatazama, na kusema.

"Leo ukungu umekaa mtoni. Kunguru wawili wako kwenye nguzo."

Wapita njia walianza kukwepa mahali pale. Heche, ambaye hakuna kitu alichokiogopa isipokuwa ukimya, alimwendea na kumwambia, "Mura, wale hawasikii."

"Yule wa mwezini naye hawakumsikia alipopita nyuma," Machage akamjibu. "Alinyamaza?"

Nyumba yake ikaanza kuvuja. Watoto wake walikua wakimjua baba kama mtu wa kupelekewa chakula. Lakini aliyeumia kuliko wote, kwa macho yangu, alikuwa Adoyo.

Kwa Wajaluo, mtu asiyepatikana mwili wake haachwi bila kaburi. Wazee huchuma yago, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia kwenye mti wake kando ya mito, wakalizika mahali pa mwili, na marehemu akapata kaburi lake nyumbani. Wazee wa Owiti walikuja na tunda mwezi uleule. Adoyo alikataa.

"Simziki mume wangu kama sijui neno lake la mwisho," aliwaambia. "Aliyelisikia yuko hai. Aseme, ndipo tuzike."

Basi alikwenda kwa Machage, mara nyingi, na mara mbili mimi nilimsindikiza.

"Shemeji, shikamoo," alikuwa akisema, ingawa hawakupishana sana umri. Alimwamkia kwa sababu ya mahali alipokaa, kama mtu anayeingia kanisani.

"Marahaba, Mama Sheila."

"Alisema nini?"

"Akipanda atakwambia mwenyewe."

"Shemeji, mtoto wangu anakua. Nyumba haina mwenyewe. Siwezi kuijenga, siwezi kuihama kabla hajazikwa. Niambie neno moja tu."

"Nikikwambia, nitakuwa nimesema kwamba hapandi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwake maneno yale yalikuwa kamba, na alikuwa bado ameishika. Adoyo alikaa kidogo, akitazama lile bonde ambalo sasa lilikuwa limeota majani, kisha aliondoka bila kuaga. Tunda likikauka, wazee walichuma jingine. Miaka ikapita hivyo. Sheila akafikia kuvaa viatu vya mama yake.

Halafu kampuni kubwa ya mgodi ikaja. Vigingi vyekundu vikapigwa mashambani, mikutano ikaitishwa, na tukaambiwa tarehe ambayo wachimbaji wote wadogo wawe wameondoka, kwa kuwa mashine zingefukia na kusawazisha sehemu yote ya kijito. Wegesa alifunga vyombo vyake. Alimwambia mumewe kwamba anakwenda Gorong'a kwa kaka zake pamoja na watoto, na kwamba akitaka mke atamkuta huko. Machage alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Njia ya huko ina matope. Pitia juu."

Nilikasirika. Nilikuwa na kitabu cha picha alichoniachia padri mmoja alipohama Tarime. Ndani yake kulikuwa na picha ya mwezi iliyopigwa kutoka juu, upande ule wa nyuma ambao hatuuoni. Nilikwenda nacho mchana kibandani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwonyesha kwamba yule mtu wake ni hadithi iliyokwisha.

Alikipokea kitabu, kimefunguliwa kwenye ile picha, kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaisogeza karibu. Ilikuwa ardhi ya kijivu, imejaa mashimo makubwa na madogo, shimo juu ya shimo, na vifusi kwenye kingo.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Nani aliruka na ndege akapiga?" Kidole chake kilianza kutembea juu ya karatasi. "Hili la akina Wangwe. Hili lile lililojaa maji. Kijito nacho wamekifukia tayari? Letu liko... subiri. Letu lazima liwe hapa."

Mtu mwingine yeyote duniani angeona mwezi, au angeona uso wenye ndui. Machage aliona Matongo, na alikuwa anamtafuta mdogo wake.

"Si hapa," nikamwambia. "Ni nyuma ya mwezi. Ndicho alichokuwa anakitazama yule bwana."

Kidole kilisimama.

"Kumbe na kule ni hivi." Akasema polepole, "Kwa hiyo alipita peke yake juu ya mashimo haya, akisema."

"Ndiyo."

"Wenzake walipanda?"

"Walipanda. Walirudi wote watatu."

"Ah." Ilimtoka kama mtu aliyekanyagwa. Hakumwonea wivu, nadhani. Alikuwa amebeba hofu ya watu wale miaka yote hiyo na hakuna aliyekuwa amemwambia aitue. Hata mimi nilikuwa sijamwambia. "Na wasingepanda, angerudi kweli?"

"Angerudi."

"Kwa nini? Mwalimu, wewe umesoma peke yako mpaka macho yamekuharibikia, niambie. Kwa nini akubali?"

Nilimjibu kwa hasira, wala sikuwa nikimfundisha. "Kwa sababu ni yeye tu aliyeona! Akikaa kule mpaka afe, alichokiona kinakufa naye. Na walichomwambia wenzake kwa mara ya mwisho kinakufa naye. Hao mama uliouliza habari zao mwaka ule, nani atawaambia?"

Alinirudishia kitabu. Alikaa akitazama bonde, na kwa mara ya kwanza tangu duara liporomoke, hakusema alichokuwa akikiona. Niliondoka nikidhani nimeharibu.

Kesho yake alitafuta kamba. Ile ya zamani ilikuwa imeoza, akaazima ya Heche ya kufungia ng'ombe. Alituma neno kwa Adoyo kwamba wazee waje na yago, na wachume mawili.

"Mawili ya nini?" wazee wa kwetu waliuliza waliposikia. "Rubeni ni Mkurya. Sisi hatuziki matunda."

"Basi nionyesheni mwili," Machage aliwaambia.

Tulikusanyika kijitoni alasiri, watu wachache. Ng'ambo, mashine za kampuni zilikuwa zimeshapangwa, za manjano, zimezimwa. Machage alichukua matunda yale mazito, akayaweka kwenye ndoo, akaishusha taratibu katikati ya bonde, pale ardhi ilipokuwa imezama zaidi. Haikwenda mbali. Ilifika kwenye majani ikalala. Aliiacha hapo kidogo. Kisha akaita kama alivyoita siku zote kazi ilipokwisha.

"Rubeni! Owiti! Jua limeinama. Napandisha!"

Akavuta. Alivuta kwa mikono yote miwili, mgongo umepinda, kana kwamba kamba ina uzito wa watu wawili. Heche alitaka kumsaidia nikamshika mkono. Ndoo ilipofika mdomoni Machage aliipokea kifuani, akakaa chini nayo. Wegesa, aliyekuwa amekuja kutoka Gorong'a bila kuitwa, alikwenda akasimama nyuma yake. Hakumgusa mpaka aliponyanyuka.

Tulimzika Rubeni kwanza, nyuma ya nyumba ya baba yao. Halafu tukapanda gari kwenda kwao Owiti, upande wa Sirari. Kaburi lilikuwa tayari. Kabla tunda halijashushwa, Adoyo alimwendea Machage. Safari hii hakuamkia.

"Sema sasa."

Machage alisimama wima kama mtoto anayesomeshwa.

"Mwezi ulikuwa umetoka mchana, nusu, juu ya vilima. Niliwaambia. Rubeni akasema nimsalimie mwenzangu, alikuwa ananitania. Owiti akauliza, 'Tazama barabara. Adoyo amesharudi sokoni?' Nikasimama nikatazama. Niliona mwanamke anakuja, mbali, amejifunga khanga nyekundu, anatembea upesi. Nikamwambia, 'Anakuja.' Akacheka. Akasema, 'Basi mwambie asiingie nyumbani, aje huku huku nimwone.' Hapo ndipo ardhi ikashuka. Alikuwa anacheka, Mama Sheila. Mpaka mwisho alijua unakuja."

Nilikuwa nimesimama karibu na Adoyo. Nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba saa ile ya alasiri tulikuwa bado Sirari tukisubiri lori, na kwamba nguo aliyovaa siku ile ilikuwa ya kijani. Machage alikuwa ameona barabara nzima, na mwanamke mwingine, wa mtu mwingine, akienda kwake.

Adoyo alimtazama usoni kwa muda.

"Uliona vizuri, shemeji," alisema. "Nilikuwa mimi."

Kisha akawaambia wazee washushe.